Mwanao wa kiume akivimba matiti

Mzazi mmoja wa Segese, mkoani Shinyanga, ameniomba niandike jambo hili bila kumtaja. Mwanawe ana miaka 14. Tangu mwaka jana havui koti, hata jua la saa nane. Ameacha mpira, ameacha kwenda kuoga lamboni na wenzake, na siku ya michezo haonekani shuleni. Baba alidhani ni uvivu, akamchapa. Bibi alisema karogwa. Siku moja mama alimkuta anabadilisha shati, akaona matiti yamevimba, na chuchu moja haitaki kuguswa kwa maumivu. Wenzake walikwishaona zamani na jina wamempa: "Dada".

Mama, hali hii ni ya kawaida. Karibu nusu ya wavulana, pengine zaidi, huipata wakati wa balehe, wengi wakiwa na miaka 12 hadi 14. Mwili wa mwanamume nao hutengeneza homoni ya kike kidogo. Balehe inapoanza, homoni ya kiume huwa haijashika kasi, mizani inayumba na titi linavimba. Kwa walio wengi uvimbe hupotea wenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Hauhitaji chale, dawa ya kupaka wala kukandwa kwa maji ya moto, ingawa najua ndugu watapendekeza vyote vitatu.

Mpeleke kwa daktari ikiwa uvimbe ni mgumu, unatoa majimaji au damu, unakua haraka, au umepita miaka 2. Vilevile ikiwa korodani ina uvimbe, anatumia dawa za muda mrefu, au amefika miaka 14 bila dalili yoyote ya balehe.

Lipo swali ambalo wazazi huniuliza kwa kunong'ona: je, atakuwa mwanamume kamili? Ataoa? Uvimbe huu haumgeuzi msichana, haumzuii kuja kuzaa, wala hausemi lolote kuhusu atakayempenda. Na kijana mwenye maswali mazito zaidi kuhusu jinsia yake na hisia zake, fimbo haimjibu. Inamfundisha kuficha tu.

Mimi lile koti ndilo linaloniogopesha kuliko titi. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya 18. Mtoto anayejiona ana mwili wa aibu hujitenga, usingizi hupotea, chakula hakimpendezi, hasira zinakuwa karibu. Na kwetu huku, kuanzia Kahama hadi Geita, pa kukimbilia hapako mbali. Anaacha shule, anakwenda machimboni, na huko duarani anatafuta kuuonyesha uanaume wake kwa gongo na bangi. Tunasema kashindikana, kumbe alikuwa anakimbia jina.

Baba, kazi hii ni yako zaidi. Usimwite mbele ya watu wala mezani. Mchukue mkachunge au mkatembee, umwambie kwamba hata wewe balehe ilikutisha. Kama ilikupata hali hiyohiyo, mwambie. Utashangaa koti litakavyovuka haraka. Mweleze mwalimu wake pia, akomeshe hilo jina darasani.

Ukiona amekata tamaa, muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Akikubali, usimwache peke yake, weka mbali sumu ya wadudu na kamba za mifugo, na siku hiyohiyo mfikishe hospitali. Wakikuandikia rufaa ya Bugando, Mwanza, ambako wapo wataalamu wa afya ya akili, nenda.

Ipo pia simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.