Zeolaiti ni Jina la Ukoo: Kabla ya Kununua, Uliza ni Aina Gani



Leo nina jambo ambalo sitalizungusha. Unga unaouzwa kwa jina la "zeolaiti" usinunuliwe wala kuuzwa kama mfuko hautaji ni zeolaiti ya aina gani. Huo ndio msimamo wangu, na nimeufikia baada ya kukosea mwenyewe.

Kwenye mafunzo ya kikundi kimoja cha wafugaji niliwahi kusema, "Zeolaiti ni nzuri, inapunguza harufu ya amonia bandani." Baada ya muda mama mmoja akanipigia simu. Alikuwa amenunua mfuko wa unga wa kijivu, akaumwaga juu ya maranda kwenye banda la kuku, na vumbi likajaa humo ndani. Akaniuliza, "Bwana shamba, hii ndiyo yenyewe?" Nilikwenda kuuangalia mfuko. Uliandikwa "zeolaiti asilia asilimia 100", basi. Sikuwa na jibu la kumpa, na aibu ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemtajia jina la ukoo bila kumtajia mtu.

Ukienda kununua mbegu, husemi "nipe mahindi" ukaondoka. Unauliza ni mbegu gani, ya ukanda gani, inakomaa siku ngapi. Zeolaiti nayo iko hivyo hivyo.

Zeolaiti ni nini

Jina hili alilitoa msomi wa Sweden, Axel Cronstedt, mwaka 1756. Alipasha jiwe moto, akaona linatoa mvuke kama linachemka, akaliita kwa Kigiriki "jiwe linalochemka". Maji yale yalikuwa ndani ya vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho.

Jiwe hili limejengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni, mfano wa sega la nyuki. Ndani ya vitundu hukaa maji pamoja na chembe za potasiamu, kalsiamu au sodiamu. Chembe hizo zinaweza kutoka na nyingine zikaingia mahali pake, kwa mfano amonia ya kwenye samadi au mbolea. Kwa hiyo zeolaiti yenyewe si mbolea. Ni ghala. Ukiweka ghala tupu shambani, usitegemee kuvuna kilichomo.

Ila maghala hayalingani. Zeolaiti za asili zinazotambulika zimezidi aina 40, na hutofautiana kwa umbo la vitundu na kwa kilichomo ndani. Hizi ndizo ningependa uzijue:

1. Klinoptilolaiti. Hii ndiyo inayotumika zaidi kwenye kilimo na mifugo, kwa kuwa inashika vizuri amonia na potasiamu. Kwenye mifuko ya kutoka nje jina lake huanza na herufi C. Inafanana sana na hyulandaiti. Wataalamu huzitenganisha kwa hesabu: silikoni ikiwa 4 au zaidi kwa kila alumini 1, hiyo ni klinoptilolaiti.

2. Kabazaiti na filipsaiti. Nazo hubadilishana chembe vizuri.

3. Analsimu. Nayo ni zeolaiti halali, lakini vitundu vyake ni vyembamba mno, hivyo kazi yake shambani ni ndogo. Muuzaji wake hajadanganya jina, ila wewe umepoteza hela.

4. Modenaiti. Ina matumizi yake, ila wakati mwingine huwa na umbo la nyuzi.

5. Erionaiti. Hii ikimbie. Ni nyuzi nyembamba kama sindano, na vumbi lake likiingia mapafuni linaleta saratani. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, yaani IARC, limeiweka Kundi la 1, pamoja na asbesto na moshi wa sigara.

Usidhani hili ni la vitabuni tu. Kule Uturuki, eneo la Cappadocia, vipo vijiji vya Karain, Tuzköy na Sarıhıdır. Watu walijenga nyumba kwa mawe ya hapo hapo, na mawe yalikuwa na erionaiti. Miaka ya 1970 madaktari waligundua kwamba saratani ya utando wa mapafu inaua watu wengi mno kwenye vijiji hivyo. Hawakuwa wachimbaji wala wafanyakazi wa kiwanda. Walikuwa wakulima kama sisi, wanaishi majumbani kwao.

Sisi tunahusikaje?

Zeolaiti hutokea pale majivu ya volkano yanapokaa kwenye maji ya magadi kwa muda mrefu. Bonde letu la Ufa lina mazingira hayo. Wanajiolojia wamezikuta Olduvai na Ziwa Natron, na upande wa Kenya kwenye matabaka ya Ziwa Magadi, ambako erionaiti ni mojawapo. Kwa hiyo mtu akikuambia "huu tumechimba wenyewe, ni wa asili, hauna madhara", neno "asili" lisikutoe hofu. Erionaiti nayo ni ya asili.

Kuna na suala la chumvi. Tangu mwaka 1997 klinoptilolaiti zimegawanywa tatu kufuatana na kilichojaa zaidi ndani: ya kalsiamu, ya potasiamu na ya sodiamu. Kama shamba lako tayari lina magadi, ya sodiamu usiipeleke huko.

Najua wenye maduka mtasema, "Bwana shamba, sisi tutapima na nini?" Ni kweli, kwa macho huwezi kujua. Unga ni unga. Lakini sisemi kila duka lijenge maabara. Anayechimba au anayeingiza mzigo ndiye apime kwa mashine ya miale ya X kwenye maabara ya madini, kisha akupe nakala ya cheti. Wewe kiweke dukani, mteja akikitaka akione. Asiye na cheti, mrudishie mzigo wake.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela:

- Uliza jina la aina na asilimia yake. Umoja wa Ulaya, kwa chakula cha mifugo, hutaka klinoptilolaiti isiyopungua asilimia 80, isiyo na nyuzi, na isizidi gramu 10 kwa kilo ya chakula. Hiyo ni nusu kilo kwa mfuko wa kilo 50.
- Uliza kama bidhaa ya shambani imesajiliwa TFRA.
- Hata ikiwa nzuri, funika pua na mdomo unapoimwaga, na usiimwage kukiwa na upepo.
- Unga usiojulikana usiumwage bandani, wala usifyatulie matofali.

Yule mama nilimwambia aulowanishe unga ule kwa maji, auondoe bila kufagia ukiwa mkavu, na asinunue tena mpaka muuzaji atoe cheti. Muuzaji hajakitoa mpaka leo. Kwangu mimi hilo ni jibu tosha.

Ni mimi, afisa ugani wako.