Wasichana wa Kazi Hawakai: Tatizo Liko Wapi?

Mazungumzo yetu ya mwezi huu yametokana na barua ya mama mmoja wa Tunduma, mke na mama wa watoto wanne, mwenye mgahawa mdogo kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni yakisubiri kuvuka mpaka. Anaeleza kwamba katika muda wa miezi minane ameondokewa na wasichana watatu. Wa kwanza alidumu miezi mitatu. Wa pili aliondoka siku moja baada ya kupokea mshahara. Wa tatu aliaga kwamba anakwenda kumzika bibi yake Kamsamba, lakini wiki ile ile akaonekana akipakua wali ng'ambo ya pili, Nakonde. "Nawalisha, nawalaza kwangu, nawapa shilingi 60,000 kila mwezi kama sheria inavyosema," anaandika mama huyu. "Je, wasichana wa siku hizi hawana shukrani?"

Swali hili huulizwa kila wanapokutana akina mama wenye biashara, wawe ni wa migahawa, wa maduka ya nguo, wa saluni au wa nyumba za kulala wageni. Mara nyingi jibu huwa tayari kabla swali halijaisha: wasichana wamekuwa wajeuri. Wapo walio wajeuri, hatukatai. Lakini wakiondoka watatu mfululizo katika nyumba moja, ni vema tuitazame pia nyumba yenyewe, na mji ulipo.

Tunduma si mji wa kawaida. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na shehena za Kongo zinapita hapo. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mbeya, makao makuu yalikwenda Vwawa, lakini fedha ya mkoa kwa sehemu kubwa imeendelea kuzunguka Tunduma. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wasiofika 100,000 katika mji huu; ile ya 2022 ilikuta wamezidi 200,000. Sasa fikiria binti aliyetoka Ileje au bonde la Momba, hajui mtu. Mwezi wa kwanza anaogopa hata kuvuka barabara. Mwezi wa tatu ameshajua mgahawa gani unalipa zaidi, nani anawapa wasichana wake siku ya kupumzika, na kwacha moja ni shilingi ngapi. Mama wa kijijini anaweza kumshika msichana kwa sababu msichana hana pengine pa kwenda. Wa Tunduma hawezi, kwa kuwa majirani zake wote wanatafuta mtu wa kazi.

Tukirudi kwenye ile 60,000, mama yetu amesema kweli nusu. Katika Amri ya Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, kiwango cha shilingi 60,000 kiliwekwa kwa mtumishi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake wa kawaida. Lakini amri ile ile iliweka shilingi 150,000 kwa mfanyakazi wa mgahawa, gesti au baa. Msichana anayefua nguo za watoto asubuhi kisha akashinda mgahawani akikaanga samaki na kuhudumia madereva mpaka usiku si mtumishi wa nyumbani tena. Anafanya kazi mbili kwa mshahara wa ile iliyo ndogo. Amri mpya iliyoanza Januari 2026 imevipandisha viwango hivyo, kwa hiyo kila mwenye biashara ajipatie nakala yake kwa Afisa Kazi na asitegemee habari za sokoni.

Hebu sasa tuhesabu saa. Mgahawa wa barabarani hufunguliwa saa 11 alfajiri kwa ajili ya chai na supu, na hufungwa saa 3 usiku. Hizo ni saa 16. Kwa siku sita ni saa 96, na bado Jumapili jioni kuna kuchambua maharage ya kesho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Muda wa ziada hufanywa kwa makubaliano, hulipwa mara moja na nusu, na hata ukijumlishwa siku isizidi saa 12. Akina mama wengi wakisikia hivyo hucheka na kusema sheria hiyo ni ya viwanda na makampuni. Sivyo. Sheria haiulizi una wafanyakazi 500 au wawili.

Mama huyu ana wasichana wawili kwa wakati mmoja, nao huamka pamoja na kulala pamoja. Akiwagawa, mambo yatakuwa tofauti kabisa. Wa kwanza aanze saa 11 alfajiri mpaka saa 7 na nusu mchana, akiwa na saa moja ya kupumzika na kula katikati. Wa pili aanze saa 6 na nusu mchana mpaka saa 3 usiku, naye apumzike saa moja jioni wateja wakipungua. Kila mmoja atafanya saa 7 na nusu, na kwa siku sita ni saa 45 kamili. Zaidi ya hayo, kati ya saa 6 na nusu na saa 7 na nusu, wateja wanapofurika, wote wawili watakuwepo. Kwa sheria yetu usiku ni tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na saa za usiku huongezewa asilimia 5 ya malipo. Hapo kila msichana ana saa moja tu ya usiku kwa siku, ambayo si mzigo mkubwa.

Najua litakaloulizwa: asubuhi mtu mmoja atawasha moto, atapika chapati na kuhudumia vipi? Hapo ndipo mwenye mgahawa anapoingia jikoni mwenyewe, au anapunguza vyakula vya asubuhi. Ni afadhali chai, chapati na supu vilivyo tayari kuliko aina saba za chakula zinazopikwa na mtu anayesinzia.

Na gharama? Mama amalize kwanza hesabu ya wasichana watatu walioondoka. Kila mmoja aliletwa kwa nauli, na nauli ya shangazi aliyemleta. Kila mmoja alichukua wiki mbili au tatu kujifunza vipimo, bei na tabia za wateja. Siku mgahawa ulipofungwa kwa kukosa mtu, dereva aliyezoea kula hapo alivuka kwa jirani, na dereva akishazoea kwa jirani harudi upesi. Hayo hayaandikwi katika daftari lolote, lakini yametoka katika mkoba ule ule.

Sasa tuje kwenye jambo linalovunja nyumba nyingi: makato. Kikombe kimevunjika, kata. Hesabu ya jioni ina shoti, kata. Mwisho wa mwezi msichana aliyeahidiwa mshahara anapewa noti chache na maelezo mengi. Sheria inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara, ila kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umwandikie sababu na kiasi, umpe nafasi ya kujieleza, yeye akubali kwa maandishi, usidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha taslimu. Shoti nyingi za Tunduma zilikuwa zikitokana na kwacha, maana msichana aliyeishia darasa la saba alitakiwa abadilishe fedha kichwani huku watu watano wakimwita. Tangu Machi 2025 kanuni zinataka bei na malipo ndani ya nchi yetu yawe kwa shilingi. Mwagize basi asipokee kwacha kabisa. Mteja akabadilishe kwanza. Nawe uhesabu fedha pamoja naye asubuhi na jioni, msaini wote wawili. Usihesabu peke yako usiku kisha ukamwamshe kumwambia kuna pungufu.

Kuna na wale wanaosema, "Mshahara wake namtunzia, nitampa wote Desemba." Huenda nia ni njema, binti asipoteze fedha kwa mitandio na vipodozi. Lakini Desemba ikifika ada za shule zinabisha hodi, na fedha iliyotunzwa haipo. Torati iliagiza kibarua alipwe kabla ya jua kutua, sisi tunamngojesha msichana mpaka Krismasi! Siku hizi kila mtaa una wakala wa fedha za simu. Tuma mshahara tarehe ile ile kila mwezi katika namba yake mwenyewe, si ya shangazi. Kama anataka kumsaidia shangazi, atatuma yeye. Usisahau pia NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na wengi hugawana nusu kwa nusu, mwajiri 10 na mfanyakazi 10.

Mapatano yenyewe yaandikwe. Karatasi mbili za daftari zinatosha: jina, umri, kazi atakayofanya, mahali, saa, mshahara, siku ya kulipwa, likizo. Msomee polepole, abaki na nakala yake. Katika umri muwe wakali. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi kwa kazi yoyote, hata mama yake akimleta mwenyewe akilia shida. Aliyefikisha 14 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na binti wa miaka 16 kuhudumia baa au gesti ya madereva usiku si kazi nyepesi kwa mzazi yeyote mwenye akili timamu.

Ndugu wa mume nao wana shida yao. Mtoto wa wifi akiajiriwa dukani, aandikiwe karatasi kama wengine. Ukiona haya kumwandikia, basi usimwajiri.

Liko jambo moja ambalo sisi wanawake hatupendi kulisema. Msichana akionekana ana mimba, mara nyingi ni mwanamke mwenzake anayemfungia mfuko wake na kumsindikiza stendi kabla majirani hawajaanza kuulizana. Sisi tuliokwisha kuzaa, tunaojua miguu inavyovimba! Sheria inakataza kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, hupewa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwa mgahawa mdogo huo ni mzigo wa kweli, sitaudharau. Lakini mzigo unaojulikana miezi mitano kabla unapangika, kama vile ambavyo sisi wenyewe tulipopata watoto tulitafuta mtu wa kutushikia duka.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Kwa watu wa kwetu, heri mfuate msimu. Mbozi kahawa ikianza kuiva na Momba mpunga ukiwa tayari, kila msichana anaitwa nyumbani, na usipompa ruhusa atafiwa na bibi. Muulize mapema kwao wanavuna lini, mwandike tarehe, na umtafute wa kumshikia nafasi. Yule wa Kamsamba huenda angeomba likizo kama angejua kwamba anayo.

Na ikibidi kuachana, muachane vizuri. Anayelipwa kwa mwezi hupewa taarifa ya siku 28, au malipo badala yake. Aliyetimiza mwaka na kuzidi, usipomwachisha kwa utovu wa nidhamu, ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotumikia, mpaka miaka 10. Aliyeachishwa bila haki ana siku 30 za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mwajiri ndiye anayetakiwa kuonyesha sababu na maandishi. Mama asiye na daftari atabaki akisema "mimi nilimlea kama mwanangu," na msuluhishi atamwuliza mshahara ulilipwa tarehe ngapi.

Kwa mama aliyetuandikia: msichana uliyebaki naye bado yupo. Jioni moja mgahawa ukifungwa, keti naye, umwulize maswali matatu. Anachoka saa ngapi? Yule wa Nakonde analipwa kiasi gani? Na angependa siku gani ya wiki iwe yake? Andika majibu yake hapo hapo mbele yake, kisha anza na lile unaloweza kulitimiza kabla ya mshahara ujao.