Aliyekataa 'butura' ya IBM, akanaswa na bei ya dukani

KUNA kisa kinachopenda kusimuliwa kwenye semina za ujasiriamali. Kinasema siku kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani, IBM, ilipobisha hodi kwa Gary Kildall mwaka 1980 kutaka kununua programu yake, bwana huyo alikuwa angani anarusha ndege yake ndogo. Wakaondoka, wakaenda kwa Bill Gates, na Gates akawa tajiri. Msikilizaji anaambiwa: usichezee bahati.

Mimi kisa hicho sikikubali. Mfanyabiashara akikiamini, atajifunza kitu kisichokuwepo na kuliacha lile lililomwangusha Kildall. Lililomwangusha ni mkataba na bei, mambo ambayo mkulima wa nchi hii anayajua vizuri kuliko mtu wa semina.

Kildall alizaliwa Seattle mwaka 1942, katika familia iliyokuwa na chuo cha kufundisha mabaharia. Alisoma Chuo Kikuu cha Washington hadi shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta mwaka 1972, akafundisha katika chuo cha jeshi la majini la Marekani mjini Monterey, California. Wakati huo kompyuta ilikuwa mtambo wa kujaza chumba. Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa kichakataji kidogo cha kutosha kwenye ncha ya kidole. Wengi walikiona ni cha kuendeshea mashine za kikokotoo na taa za barabarani. Kildall alikinunua, akaanza kukiandikia programu, na siku za mapumziko akawa anafanya kazi Intel kama mshauri.

Mwaka 1974 alitengeneza programu endeshi aliyoiita CP/M. Kwa msomaji asiye mtu wa kompyuta, niseme hivi: kompyuta bila programu endeshi ni ghala lisilo na mtunza ghala. Magunia yamo, lakini hakuna ajuaye lipi liko wapi, lipi la nani, wala nafasi iliyobaki ni kiasi gani. CP/M ndiyo iliyokuwa mtunza ghala wa diski. Intel walipoonyeshwa hawakuitaka. Kildall na mkewe, Dorothy, wakafungua kampuni yao, Digital Research, na kuiendesha katika mji mdogo wa Pacific Grove.

Akili yake kubwa ilionekana baadaye kidogo. Kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na mashine ya aina yake, na kuiandika programu upya kwa kila mmoja ilikuwa kazi isiyo na mwisho. Kildall alitenga sehemu ndogo inayogusa mashine yenyewe, akaiita BIOS. Mwenye trekta ataelewa: jembe linabaki lilelile, unabadilisha kipande cha kuungia tu. Tangu hapo CP/M ikaenea hadi kwenye aina zipatazo 3,000 za kompyuta.

Sasa tuje kwenye biashara. Mmoja wa wateja wa mwanzo, kampuni ya IMSAI, ililipa dola 25,000 kwa mkupuo mwaka 1977 na kupata haki ya kuiuza CP/M pamoja na mashine zake. Kwa Kildall zilikuwa pesa nyingi. Kwa mnunuzi ilikuwa bei ya kutupa. Nadhani hapo ndipo alipopata somo, kwa sababu miaka mitatu baadaye, IBM walipokuja, hakukubali tena namna hiyo.

Siku yenyewe alikuwa ameruka, ndiyo, lakini alikuwa anampelekea mteja programu. Mazungumzo ya biashara kwa kawaida yalikuwa kazi ya Dorothy. IBM waliweka mezani karatasi ya kutunza siri iliyowafunga wenyeji na kuwaacha wageni huru, na Dorothy, kwa ushauri wa mwanasheria, hakuisaini. Kildall alieleza kwamba alirudi mchana huohuo na kuzungumza nao. Upande wa IBM wapo waliokumbuka vingine. Kwa maoni yangu hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba, kwa maelezo yanayotajwa zaidi, IBM walitaka kulipa dola 250,000 mara moja, kisha watoe nakala watakazo bila kikomo. Digital Research ilitaka mrahaba, yaani malipo kwa kila nakala, na kiasi kinachotajwa ni dola 10.

Wasomaji wangu wa Kagera wameshaniwahi. Hiyo ni butura: mnunuzi anakulipa kahawa ikiwa bado maua, na mavuno yote, yawe mengi kiasi gani, ni yake. Hesabu haihitaji chuo kikuu. Kwa dola 10 kila moja, nakala 25,000 tu zinafikisha dola 250,000, na kila inayozidi hapo ni ya mnunuzi. Kildall alikuwa sahihi kuikataa.

Gates yeye alifanya nini? Kampuni yake, Microsoft, haikuwa na programu endeshi ya kuwapa IBM. Iliipata kwa kampuni ndogo ya Seattle, ambako Tim Paterson alikuwa ametengeneza programu iliyofuata mwenendo wa CP/M, na kwa malipo yote hayakufika dola 100,000. Halafu Microsoft ikakubali malipo ya mkupuo kutoka IBM, lakini ikabaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine. Yaani alikubali butura ya shina moja, shamba akabaki nalo. Watengenezaji wengine walipoanza kuiga kompyuta ya IBM, wote walipita kwake.

Kompyuta ya IBM ilitoka Agosti 1981. Kildall alipoona programu iliyomo inavyofanana na yake, alitishia kushtaki. Sheria ya Marekani ya hatimiliki za programu ilikuwa bado changa, na kesi dhidi ya IBM ingemmaliza. Wakapatana: asishtaki, nao watauza CP/M kama chaguo la pili. Alidhani ameshinda. Bidhaa yake, iliyofika ikiwa imechelewa hadi 1982, ikabandikwa dola 240. Ile ya Microsoft ilikuwa dola 40.

Aliyebandika bei hizo ni IBM. Wapo wanaosema mrahaba wa Kildall ndio uliopandisha bei. Huenda ulichangia, lakini sikubali kwamba pengo la dola 200 ni mrahaba peke yake. Mnunuzi aliyesimama dukani hakuuliza nani aligundua nini. Kampuni yake ilipokuja kushusha bei hadi dola 60, watu walikuwa wameshazoea nyingine.

Nimewahi kukiona kitu hikihiki mkoani Singida. Kikundi cha akina mama nilichokuwa nakisaidia kilifurahi duka moja kubwa lilipokubali kuweka mafuta yao ya alizeti. Mkataba ulitaja ujazo, lebo na siku ya malipo. Bei ya rejareja haukuitaja. Tulikuta chupa zao rafu ya chini, kwa bei karibu mara mbili ya mafuta ya jirani yake, na baada ya miezi mitatu zikarudishwa kwa maelezo kwamba haziuziki. Mkataba huo niliusoma mimi, mwenye shahada, nikasema uko sawa. Siku hizi nikiusoma mwingine, naanza na mstari wa bei ya juu ambayo muuzaji hatavuka, kisha natafuta panapowaruhusu kuuza kwa wengine.

Kildall hakufa maskini, na wanaosimulia hivyo wanatia chumvi. Mwaka 1985 kampuni yake nyingine ilitoa ensaiklopidia ya Grolier kwenye diski ya CD, jambo geni kabisa wakati huo. Alishiriki kuendesha kipindi cha televisheni, 'Computer Chronicles', hadi 1990. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell kwa takriban dola milioni 80. Lakini waliomfahamu wanasema uchungu wa kuulizwa kila mara juu ya ile siku ya ndege haukumtoka. Alifariki Monterey Julai 1994, akiwa na miaka 52.

Aprili 2014 chama cha kimataifa cha wahandisi, IEEE, kilibandika bamba la kumbukumbu mbele ya nyumba ya Pacific Grove iliyokuwa ofisi yake. Bamba hilo linaitaja CP/M. Ndege haimo.