Sahani ya Kamba na Wajibu wa Mhakiki

Tathmini za migahawa zimejaa katika mitandao yetu ya kijamii, na nyingi ninazozisoma haziendi mbali zaidi ya "chakula kitamu, huduma nzuri". Huo si uhakiki. Ni ndugu wa zile taarifa za kiofisi zisemazo kwamba hali ni shwari na utekelezaji unaendelea vizuri. Wahenga walituonya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mimi naiona tathmini ya mgahawa kuwa kazi ya kiraia. Mwaka 2007, Jonathan Gold wa Los Angeles alikuwa mhakiki wa kwanza wa migahawa kutunukiwa Tuzo ya Pulitzer. Alijijengea jina kwa kuviandikia kwa heshima vibanda na migahawa midogo ya wahamiaji, mahali ambapo wakubwa wa mji hawakuwa na desturi ya kuketi.

Tuitazame basi Maparoni, kata ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti. Maji ya delta hii, yaliyozungukwa na mikoko, hutoa sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania. Kamba hao husafirishwa hadi Dar es Salaam, na wafikapo mezani huitwa kamba tu, hawana kwao. Mhakiki anayeusifu mchuzi wa nazi bila kuuliza kamba wametoka wapi amemsahau mvuvi. Akiuliza, ghafla anaandika juu ya bei, barafu, usafiri, hifadhi ya mikoko, na mafuriko ya mwaka 2024 yaliyowaumiza watu wa Rufiji na Kibiti. Sahani moja imemfungulia mlango wa wilaya nzima.

Wanafunzi wangu huniuliza jinsi ya kuandika tathmini ivutiayo. Jibu langu ni kwamba msomaji huvutwa na mambo mahususi. Usiseme samaki alikuwa mzuri. Sema ni samaki gani, alikaangwa au alichomwa, wali ulipikwa kwa tui zito au jepesi, ulisubiri dakika ngapi, ulilipa shilingi ngapi, na kama palikuwa na maji na sabuni ya kunawia. Lipia chakula chako mwenyewe, kwani aliyelishwa bure huandika shukrani. Rudi mara ya pili kabla ya kulaumu.

Tena pima nguvu ya unayemhakiki. Hoteli kubwa hustahimili neno kali; mama ntilie wa stendi ya Kibiti anaweza kupoteza ada ya mtoto kwa sentensi moja ya dhihaka. Hata hivyo, huruma isigeuke ukimya. Chakula kikiwadhuru watu, mpelekee habari afisa afya kwanza, kisha andika ulichokishuhudia na si ulichosimuliwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo, na woga wa sheria hiyo umewafanya wengi wachague kusifu tu. Kinga ya mwandishi ni kumbukumbu sahihi: tarehe, bei, risiti.

Kwenu watumishi wa umma nina ombi moja. Raia akiandika kwamba mgahawa wa stendi hauna choo, msimtafute yeye. Itafuteni bajeti ya choo. Taifa lisilovumilia kuambiwa kwamba wali umeungua litavumiliaje kuambiwa kwamba zahanati haina dawa?