Udongo wetu unakwenda na mvua: tuongee juu ya bwasa

Vijana wenzetu wa Bukavu,

Mvua kubwa ikipita, angalieni ziwa pale mito ya vilima inaingilia. Maji yanakuwa mekundu. Ile rangi ni udongo wa mashamba ya Kabare, na ndani yake kuna maharagi ambayo hatutakula mwaka kesho.

Sisi wenye diploma, leo tuko bashomeri, tunaishi kwa jembe la wamama wa Kabare na Walungu. Bei ikipanda ku soko ya Kadutu tunasema ni vita, ni barabara, ni kodi za barabarani. Ni kweli yote. Lakini iko sababu ingine tunanyamazia: shamba lenyewe linapungua.

Tufanye hesabu. Mvua ikiondoa milimita 1 ya udongo kwenye hekta 1, hiyo ni meta kibe 10, zaidi ya tani 10. Kamyoni nzima! Na kwa macho, mwenye shamba haoni kitu.

Tena maji yanaanza na ile safu ya juu, nyeusi, yenye mboleo na majani yaliyooza. Chini inabaki udongo mwekundu, mgumu, wenye asidi. Mvua haiingii tena vizuri, inakimbia juu na kubeba zaidi. Ukinunua mbolea, na yenyewe inashuka bondeni. Maharagi ndiyo yanashindwa ya kwanza. Halafu watu wanapanda muhogo, juu muhogo unavumilia udongo maskini. Ndiyo maana sahani zetu zina bugali mingi na maharagi kidogo.

Dawa inajulikana: mifereji inayokata kilima, na majani kama tripsakum au setaria yakipandwa kandokando. Yanashika udongo, na mbuzi wanapata chakula. Wakati wa ukoloni wazee wetu walichimba mifereji hiyo kwa nguvu. Basi juu ya nini leo haichimbwi?

Bakubwa wanajibu: wakulima hawajui. Wanaleta semina, jeep na kofia. Sisi tunasema wakulima wanajua vizuri sana. Shida ni bwasa. Katika Bushi, familia nyingi zisizo na shamba zinakodi kwa bwasa, kwa msimu tu. Mwenye bwasa harusiwi kupanda kahawa, migomba wala miti, kwa sababu mti ungeonyesha kwamba ardhi ni yake. Sasa nani atavunja mgongo kuchimba mfereji kwenye shamba ambalo litanyang'anywa kisha mavuno? Mwenye kalinzi anaachia watoto wake, ana sababu ya kulinda. Mwenye bwasa hana.

Watu wengine watasema: amani kwanza, udongo baadaye. Tunaheshimu uchungu wao. Lakini mvua haingoji amani. Mu mwezi wa 5 mwaka 2023, huko Kalehe, maji na matope vilifunika Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Vilima vyetu vinahitaji kushikwa leo.

Tunaomba mambo matatu, kwa Bami, wenye mashamba makubwa na wote wanaoshika mamlaka:

1. Bwasa iandikwe, iwe ya miaka 5 au zaidi.
2. Anayechimba mfereji na kupanda majani asifukuzwe kabla ya muda wake, wala asipandishiwe bei juu ya kazi yake mwenyewe.
3. Agronomu wa Leta walipwe, wapande vilimani.

Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na ana wajibu wa kuyatetea. Huo wajibu ni wetu pia. Kiangazi, kati ya mwezi wa 6 na wa 8, ndiyo wakati wa kuchimba. Wengi wetu tuna wazazi na bashangazi kule, na hatuna kazi huku. Tupande na jembe, na tuulize kila mwenye kilima: mkataba uko wapi?