Jicho la Angani: Kutoka Vitani Hadi Kilele cha Kibo

Ukipita Kisongo, magharibi ya mji wa Arusha, hukosi kuona ndege ndogo zikipaa kuelekea Serengeti. Abiria wake wengi wana kamera mikononi, na kabla Mlima Meru haujawapotea machoni wameshaupiga picha tele. Jambo hilo limekuwa la kawaida hata hatulifikirii. Hata hivyo, upigaji picha wa angani ni ufundi uliolelewa vitani, na mmoja wa mafundi wake wa mwanzo aliwahi kuruka katika anga hii yetu ya kaskazini. Jina lake lilikuwa Walter Mittelholzer, raia wa Uswisi.

Mittelholzer alizaliwa St. Gallen mwaka 1894. Hakuanza na ndege. Alianza na kamera, akiwa mwanagenzi wa upigaji picha. Ilipozuka vita ya mwaka 1914, majeshi ya Ulaya yalitambua upesi kwamba mpelelezi aliyepanda farasi huishia kuona kilima kilichomkinga mbele, bali aliye angani huona mahandaki, reli na maghala ya adui. Tena picha haisahau, wala haitii chumvi. Hata hapa kwetu, mwaka 1915, ndege za Waingereza zilizopaa kutoka kisiwa cha Mafia ziliizungukia delta ya Rufiji zikiichungulia manowari ya Kijerumani Königsberg, zikaelekeza mizinga ya meli za Kiingereza hadi mwisho wake ulipofika tarehe 11 Julai.

Uswisi haikuingia vitani, lakini ililinda mipaka yake. Mwaka 1915 kijana wetu akachukuliwa na kikosi cha ndege cha Dübendorf kwa ajili ya ujuzi wake wa kamera. Haikuwa kazi ya starehe. Ndege za siku zile zilikuwa wazi, baridi ikipenya hadi mifupani, na kamera ilikuwa mzigo mzito wa bamba za kioo. Kwa kazi ya ramani, ndege hufuata mstari ulionyooka, na kila picha hurudia sehemu ya ile iliyotangulia. Picha mbili za namna hiyo zikitazamwa pamoja, moja kwa kila jicho, milima huinuka na mabonde hudidimia. Mwaka 1917 Mittelholzer akapata cheti cha urubani, na mwaka 1918 akawa rubani wa jeshi.

Vita ikaisha. Je, jicho lile la upelelezi lingefumbwa? La. Mwaka 1919 yeye na mwenzake Alfred Comte wakaanzisha kampuni ya picha za angani na ya kusafirisha abiria. Mwaka 1923 akapiga picha visiwa vya barafu vya Spitsbergen, karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Kisha, tarehe 7 Desemba 1926, akaondoka Zürich kwa ndege ya kutua majini, pamoja na mtaalamu wa miamba Arnold Heim, mwandishi René Gouzy na fundi wa mitambo. Wakafika Cape Town tarehe 21 Februari 1927, baada ya siku 77.

Safari iliyomleta katika anga zetu ilifadhiliwa na tajiri wa Vienna, Louis von Rothschild, aliyetaka kuwinda Serengeti. Tarehe 8 Januari 1930, kwa ndege ya Fokker yenye injini tatu, Mittelholzer akaruka juu ya Kilimanjaro, wa kwanza kufanya hivyo, akaipiga picha Kibo na barafu yake.

Tusidanganyike kwamba mlima ulianza kujulikana siku ile. Wachagga walikuwa wamekwisha kulima miteremko yake na kuchimba mifereji ya maji vizazi vingi. Alichotuachia Mmsisi huyu ni ushahidi. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa na ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 12. Kufikia mwaka 2011 hazikutimia hata 2. Mtu akidai kwamba wazee wanatia chumvi wanapoisimulia barafu ya zamani, picha zile humjibu.

Chombo, basi, hutii mkono ulioushika usukani wake. Ndege iliyosaidia kulenga mizinga Rufiji ina ndugu yake aliyehesabu nyumbu: Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kazi iliyomgharimu Michael maisha yake tarehe 10 Januari 1959, ndege yao ilipoanguka.

Mittelholzer mwenyewe hakufia angani. Mwaka 1937, mwenye umri wa miaka 43, alifariki akipanda milima ya Austria kwa miguu.

Ndugu mzazi, usidharau ufundi mdogo anaoupenda mwanao. Kamera ya mwanagenzi ndiyo iliyomfungulia huyu mlango wa anga. Na wewe mwenye bahasha ya picha kabatini, keti leo na wazee wa nyumbani uandike nyuma ya kila picha majina, mahali na mwaka. Picha za Kibo zina thamani kwa sababu twajua zilipigwa lini. Isiyo na tarehe hubaki pambo, na wanaoweza kukuambia ile sura ni ya nani hawatakuwapo daima.