Haki ya Msikilizaji na Mipaka Yake

Msikilizaji anayo haki ya kulalamika. Mtu aliyetoa fedha yake akanunua santuri, akaketi kuisikiliza, akakuta si ile aliyoitarajia, hawezi kuzibwa mdomo kwa kuambiwa kwamba hajui muziki. Haki hiyo twaikubali tangu mwanzo wala hatukusudii kuipunguza. Tunalotaka kulijadili leo ni jambo jingine: haki hiyo yaishia wapi? Je, yafika hadi kumwamuru msanii abaki pale pale alipopendewa?

Mfano tulionao watoka Uingereza. Kikundi cha Goldfrapp kiliasisiwa London mwaka 1999 na watu wawili tu, mwimbaji Alison Goldfrapp na mtunzi Will Gregory. Albamu yao ya kwanza, Felt Mountain ya mwaka 2000, waliitayarisha katika nyumba ya kupanga huko mashambani Wiltshire, nayo ikawa kazi ya taratibu, yenye fidla na mbinja, mithili ya muziki wa sinema za zamani. Mwaka 2001 iliingizwa katika orodha ya kuwania Tuzo ya Mercury. Kisha wakageuka. Black Cherry ya mwaka 2003 na Supernature ya mwaka 2005 zilikuwa kazi za vinanda vya elektroniki, mdundo wa dansi na mavazi ya kumetameta. Supernature ilishika nafasi ya pili katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na ikapendekezwa kwa tuzo za Grammy za mwaka 2007. Kwa hesabu ya mfanyabiashara yeyote, hapo ndipo pa kukaa.

Hawakukaa. Mnamo Februari 2008 walitoa Seventh Tree, na waliozoea vishindo wakakuta gitaa lisilo la umeme limewekwa mbele, nyuzi zikilia kwa upole, na sauti ya mwimbaji imeshushwa hadi kuwa kama ya mtu anayebembeleza mtoto. Harufu ya nyimbo za asili za mashamba ya Kiingereza imeenea humo. Katika Clowns, wimbo unaofungua albamu, maneno yametamkwa kwa ulaini hata Waingereza wenyewe walilazimika kurudia kusikiliza ili kuyatambua.

Wasikilizaji waligawanyika. Wapo walioshukuru, hususan wale wa siku za Felt Mountain, ambao kwao hii ilikuwa kama kurejea kwa msafiri. Wapo waliochukia wakasema wamesalitiwa: walitaka kucheza, wamepewa usingizi. Na lilikuwapo kundi la tatu, ambalo kwa kawaida halipigi kelele, la wale waliosikiliza mara moja wakaiweka kando, na baada ya miezi kadhaa wakaichukua tena na kuipenda.

Neno usaliti si geni katika historia ya muziki. Mwaka 1965 Bob Dylan alipopanda jukwaani Newport, Marekani, na gitaa la umeme, wapenzi wa nyimbo za asili walimzomea. Na Mei 1966, ukumbini Manchester, msikilizaji mmoja alimwita Yuda. Kosa lake lilikuwa kuacha gitaa la mti na kushika la umeme. Kosa la Goldfrapp miaka arubaini na kitu baadaye lilikuwa kinyume chake. Basi huenda ala yenyewe haikuwa na hatia katika kesi zote mbili! Kinachomuudhi msikilizaji ni kuona kwamba mtu mwingine amehama bila ya kumtaka ruhusa.

Hata hivyo, lalamiko moja lilikuwa na uzito, nalo yafaa lijibiwe. Baadhi walisema kwamba upole huu ni pambo tu. Kwamba watu wa mashine wamevaa kanga ya shamba kwa ajili ya kupigwa picha. Tuhuma hii ingesimama lau nyimbo zenyewe zingekuwa tupu. Lakini chukueni wimbo A&E, ambao jina lake ndilo Waingereza wanaloliita idara ya wagonjwa wa ghafla hospitalini. Sauti yake ni nyepesi na ya kupendeza, ilhali habari yake ni ya mwanamke anayezinduka akajikuta katika kitanda cha hospitali. Jambo kama hilo lingesemwa kwa mdundo wa ngoma nzito, lingezama. Upole ndio uliolibeba. Wala mashine hazikutupwa: zimo, zimerudishwa nyuma, zikiunga mkono badala ya kuamrisha. Huo si uvivu, na kwa maoni yetu ni kazi ngumu zaidi, kwani penye kelele kosa hujificha, na penye utulivu kila kosa lasikika.

Na umma ulisema nini? Seventh Tree nayo ilishika nafasi ya pili huko Uingereza, sawasawa na Supernature iliyoitangulia. Kelele za walioudhika hazikuwa kura ya wengi.

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi wa visiwani, hususan ndugu zetu maofisa wenye kauli juu ya vipindi vya redio na juu ya vikundi vya utamaduni. Tunaijua kesi hii kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1990, vinanda vya elektroniki viliposhika nafasi ya fidla na ganuni katika taarabu, wazee walilalamika, na vijana waliozaliwa katika mdundo huo nao hulalamika wakiletewa ya kale. Kila upande humwendea ofisa ukitaka mwingine anyamazishwe. Ofisa anayehesabu barua za wiki ya kwanza na kukata shauri hapo hapo hajapima muziki, amepima mshtuko. Na apewe msanii muda wa kusikilizwa mara ya pili na ya tatu, ndipo maoni ya wasikilizaji yatakuwa maoni kweli. Twatambua kwamba saa za matangazo ni chache na kwamba ofisa naye ana wakubwa wake. Lakini kipindi cha nusu saa kwa wiki kwa kazi zisizozoeleka hakiwezi kumfilisi mtu.

Wale waliodai dansi mwaka 2008 hawakusubiri sana. Head First ilitoka mwaka 2010 ikiwa imejaa vinanda vya elektroniki kwa mtindo wa miaka ya 1980, na mara wakatokea wa kusema kwamba ni ya kuiga mno. Mwaka 2013 wawili hao walirudi tena kwenye utulivu kwa Tales of Us, ambayo karibu kila wimbo wake umepewa jina la mtu, nayo ikafika nafasi ya nne.